Upande wa Mlima

Ukuta wenyewe mfupi: mita moja na nusu,
unanifika kidevuni nikivaa viatu vya kazi.
Unene, sentimita sitini. Bi Raya Shaame
aliupima kwenye kamba kwa mkono wake, dhiraa na kitu,
akauliza kama nataka kuuzuia mlima
au kumzuia yeye asitoke nje.

Hapa ni Ng'ombeni, juu ya bandari ya Mkoani.
Udongo mwekundu, wa kinamo. Masika iliyopita
ulishuka usiku bila hodi,
ukalala jikoni juu ya mafiga,
ukaimeza cherehani hadi gurudumu.

Nikakaa na taa ya betri na kikokotoo.
Udongo mkavu, kila mita ya ukuta,
husukuma kama magunia kumi na matatu ya mchele
yaliyoegemea bila haraka.
Mnene kama huu hata haushtuki.
Hesabu ikaniomba chuma cha unene wa msumari,
msumari mmoja kwa mita.
Kitabu cha kanuni kikadai nondo saba,
za milimita kumi na mbili.

Nikacheka peke yangu. Kadiri unavyounenepesha ukuta
ili usihitaji chuma,
ndivyo kanuni inavyokudai chuma zaidi,
kama mwenye deni anayezidishiwa
kwa sababu ameonekana ameshiba.

Na kila nondo ni madera matatu
aliyoyapinda Bi Raya kwa mkono,
cherehani ikiwa bado inakohoa mchanga.

Lakini zege likikauka hujikunja,
na lililo nene hupoa nje kabla ya ndani,
nalo hupasuka hata bila kusukumwa na mtu.
Nondo haiuzuii ufa. Huugawa:
badala ya mmoja unaopitisha mjusi,
nyingi za unywele, kila mmoja na kidogo chake.
Walionifunza kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakunambia ukuta nao
huja na nyufa zake mkononi.

Basi nikaandika: za kulala, kila sentimita ishirini.
Za kusimama, kila thelathini. Si saba.
Nikatia sahihi,
na usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi fundi Faki Mbwana
keshafunga nondo zote upande wa njia,
binding waya imekazwa vizuri, ringi zimenyooka,
kazi ya kutazamwa.
"Huku ndiko watu wapitako, injinia."

Sikubishana. Nilichukua kipande cha muhogo
kwenye sufuria ya chai ya mafundi,
nikakisimamisha kwenye tope, nikakisukuma
kama mlima unavyosukuma.
Kikafunguka nyuma. Kule kule kidole kilikokuwa.
Faki akakitazama, akakipangusa, akakila.
Kisha akachukua koleo, akaanza kukata waya.

Mchana kutwa tukazihamisha.
Biskuti za zege kati ya chuma na mbao,
sentimita saba na nusu, maana chumvi ya bandari
hupanda hadi huku, nayo haina haya.
Na paipu sita chini, kokoto nyuma yake:
maji yakikwama mgongoni mwa ukuta
husukuma kuliko udongo wenyewe,
na hapo si msumari tena.

Tulimwaga Alhamisi. Jumapili ya pili
nikauona ufa, karibu na kona, mwembamba.
Nikaandika tarehe kwa penseli kwenye ncha yake,
juu na chini, ili nijue ukitembea.

Masika ikaja, ikapiga siku kumi na moja.
Nilipopanda kuangalia, paipu zilikuwa zinatema maji ya kutu,
na chini ya ile ya tatu Bi Raya ameweka beseni.
Ya kufulia, akasema, yakishatuama.

Ufa uko palepale kwenye penseli yangu.
Mjukuu wake ameuchorea majani kwa mkaa,
pande zote mbili, na ndege mmoja
mkubwa kuliko mti.